Sahani za Shemeji

Mshauri wetu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia sina raha, na mwandiko univumilie maana shule niliishia darasa la pili. Mimi ni mchukuzi wa magunia hapa Singida mjini, kwetu ni Mitundu, mbali, na nilipofika hapa bila kumjua mtu ni mzee Alute wa Mungaa, mchukuzi mwenzangu, aliyenilaza chumbani kwake na kunikaribisha kwenye ugali wake mpaka nikapata kazi. Baadaye nikaoa, tukafungua hoteli ndogo, mke wangu Theresia anapika, nami nikitoka kwenye magunia namsaidia, na wateja wetu walikuwa wachukuzi, wanakaa mkekani, ugali mmoja wa uwele na bakuli la mlenda katikati, na asiye na kitu akipita wanamwambia karibu, ananawa, anakula, hakuna wa kumuuliza.

Sasa mji umebadilika, makarani wa Boma na madereva wanataka chai, chapati na meza, na shemeji yangu Chrispin, aliyekuwa akihudumia kwenye hoteli ya Wazungu Dar es Salaam, ameleta viti na sahani za bati, anasema kula bakuli moja ni ushamba, nami nikakubali kwa kuwa wateja wameongezeka kweli.

Jumamosi mzee Alute alikuja, mgongo ulikuwa unamuuma wiki nzima hakubeba kitu, tukamwamkia wote, akaenda kwenye birika akanawa, akageuka, na kila mtu ameinamia sahani yake. Akasimama pale maji yanamdondoka mikononi. Chrispin akamwambia, "Mzee, hapa siku hizi mtu anaagiza." Watu wakacheka.

Mzee akasema, "Nimenawa tu, jua kali," akatoka.

Tangu hapo kazini akiniona anapita upande wa pili. Nataka kuzitupa hizo sahani, mke wangu anasema nikizitupa kaka yake ataondoka na wateja wake, nami silali, mara nafikiri nirudi Mitundu. Je, nimfukuze shemeji, au niondoke mimi?

Lazaro, Singida

*

Marahaba, Lazaro. Pole kwa magunia na kwa mawazo. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta ulikuwa wapi wewe wakati mzee amesimama na mikono imelowa, sikupaona. Umemtaja Chrispin, umewataja waliocheka, umetaja hata birika. Mdomo wako ulikuwa na kazi gani? Kusema karibu hakuhitaji bakuli. Hata kwenye sahani ya bati mikono ya watu wawili inaingia.

Kwa hiyo acha kuzisingizia sahani. Makarani wana haki ya kula wapendavyo, nao ndio wanaoilisha nyumba yako sasa. Shemeji yako ana ulimi mbaya, lakini hoteli ni yako na mkeo. Mwambie mbele ya dada yake kwamba aliyekwisha nawa hapo haulizwi kitu. Tandika tena mkeka kando ya ukuta, ugali wa pamoja uwepo kila jioni, na wewe mwenye hoteli ukae hapo, si mezani. Hata ukirudi Mitundu, usingizi hutaupata.

Kuhusu mzee, usimtumie mtu, wala usimpelekee chakula, utamfanya ombaomba mara ya pili. Nenda mwenyewe chumbani kwake, saa anaposonga ugali. Mwamkie, keti chini, sema umekosa, kisha nyamaza. Akikukaribisha, nawa ule. Asipokukaribisha, rudi kesho.