Salim, Dozi Ilitoka Sahihi

Salim, rafiki yangu,

Tangu tukuzike sijaweza kukaa kwenye kiti chako. Leo nimekaa, kwa sababu jina lako nusura lichafuliwe.

Ile programu yako ya hospitali ya Parklands, inayopiga hesabu ya dawa za watoto kwa uzito, waliomba ibadilishwe kidogo. Otieno, aliyechukua kazi yako, akairekebisha, akaijenga upya kwenye kompyuta yake kutoka maandishi hadi programu kamili, tukawapelekea. Asubuhi nesi akapiga simu. Mtoto mchanga alikuwa ameandikiwa dozi mara kumi ya inayomfaa. Nesi aligundua sindano ikiwa tayari mkononi, akaiweka chini.

Bosi hakungoja. "Hesabu ni za Salim," alisema. "Nitawaambia kosa ni la marehemu."

Wewe, uliyekagua kila nukta mpaka chai ikapoa.

Nikamwomba asipige simu kwanza. Nikaijenga kwenye kompyuta yangu: dozi sahihi. Kwa Otieno: ileile mbaya. Na maandishi ya programu ni yaleyale, Salim, herufi kwa herufi. Wodini walikuwa wamerudia kalamu na karatasi, na bosi amesimama nyuma yangu, simu mkononi.

Nikamuuliza Otieno ameweka nini mwenyewe kwenye akaunti yake ya kompyuta.

"Ni kifurushi tu ya hesabu, ya kazi yangu ingine."

Kifurushi hicho, hesabu zilizoandikwa tayari ambazo programu huazima, kilikuwa na jina sawa na chetu. Kompyuta ilitafuta kwanza kwenye vitu vya Otieno, ikakiokota chake, ikakiacha chetu. Nikafungua akaunti mpya, tupu, isiyoona vitu vya mtu yeyote. Nikaweka vya mradi peke yake, nikaijenga humo, kwenye kompyuta ileile ya Otieno. Dozi ikatoka sahihi.

Bosi akapiga simu mbele yetu. "Salim hakukosea," alisema. "Ni sisi tulioijenga vibaya."

Otieno akatoka, akaenda kwenye korido. Nilimkuta ameegemea ukuta. "Ningeua mtoto wa wenyewe, Wambui." Nilimshika bega tu, tukasimama hapo.

Nilidhani ningekuandikia kwa furaha. Nimechoka, Salim, na nina hamu nawe.

Pumzika sasa. Nakuahidi, maadamu niko hapa, hakuna programu itakayojengwa tena ndani ya akaunti ya mtu. Kesho naenda Parklands mwenyewe kuiweka programu yako, na sitatoka wodini mpaka nione dozi ya kwanza, na nesi aikubali.

Wambui