Namba Uliyoifukia Shambani

Sumbawanga,
16 Februari 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Na Babu Kasimiri, mume wetu, mpe shikamoo yake, ila mwambie aache kwanza kulalamikia goti. Hamjambo huko Mwimbi? Mahindi yamesimama? Mimi mzima, nakula, nakimbia. Nakuandikia kwa kuwa simu yako imebaki tochi tu, na Benjamini, dereva wa gari la Noah, ameahidi kuifikisha barua mpaka mlangoni.

Nina habari mbili. Ya kwanza, Shangazi Rozina anahamia Mpanda mwezi wa sita, anamfuata mumewe. Mimi hapa mjini nitakuwa sina pa kulala. Nitarudi huko, na mbio zangu zitaishia kufukuza mbuzi.

Ya pili ndiyo imenifanya nishike kalamu. Mwalimu Cleophas wa michezo alitusomea tangazo. Kuna Ufadhili wa Kumbukumbu ya Leonidas. Huyo Leonidas alikuwa mkimbiaji wa hapahapa Sumbawanga, akafa kwa saratani ya mfupa akiwa na miaka kumi na sita. Mama yake ameanzisha ufadhili kwa jina lake. Unawasomesha bweni vijana wanamichezo waliougua saratani utotoni, pamoja na viatu na kocha. Nafasi ni mbili kwa mkoa mzima, na fomu zinafungwa tarehe 30 Aprili.

Mwalimu alisema, "Nawasomea tu, sidhani kama yupo wa kwetu hapa." Bibi, niliinama nikafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Hapa wote wanajua kovu la taya yangu ni la kuanguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Ndivyo nilivyowaambia.

Nataka kujaza fomu. Wanadai karatasi za hospitali. Zile za Mbeya, ile bahasha kubwa ya kaki, umeiweka wapi?

Mjukuu wako,
Kalista


Mwimbi,
23 Februari 2025

Mjukuu wangu Kalista,

Marahaba, marahaba sana mke mwenzangu. Sisi wazima. Goti la mumeo limepona siku ya pombe ya jumuiya, likauma tena siku ya kulima. Mahindi mazuri, maharage yameliwa kidogo na wadudu.

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote nimeketi.

Bahasha haipo. Usinipigie kelele, nisikilize. Siku tuliyorudi kutoka Mbeya ulikuwa na miaka minane, kichwa hakina hata unywele mmoja, nimekubeba mgongoni kutoka barabarani. Ilikuwa mwezi wa tatu, wakati wa kupiga matuta. Watu wanakata majani, wanayalaza, wanageuzia udongo juu ili yaoze yawe mbolea. Na mimi nikapiga tuta langu. Nikalaza majani, nikalaza bahasha yote na vyeti vyake na picha zake za eksirei, nikageuzia udongo. Nikasema, oza na magugu wewe, usirudi kwetu. Mwaka uliofuata tukalisambaza lile tuta tukapanda ulezi, na uji wake uliunywa mwenyewe ukaomba wa pili. Kwa hiyo karatasi zako ziko tumboni mwako, mama.

Nilidhani nimefanya jambo la maana. Hata sasa sijui kama nilikosea.

Rudi tu nyumbani. Njaa haipo huku. Na hilo neno uliloliandika kwenye barua usiliandike tena, mimi naliita ule uvimbe.

Bibi yako,
Emerensiana


Sumbawanga,
9 Machi 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Kwaresima inaendaje? Babu ameacha ugoro au amejificha nao?

Nilicheka kuhusu uji, halafu nikalia. Jumatatu nikamfuata Mwalimu Cleophas nikamwambia kweli yote, tangu uvimbe mpaka mkokoteni wa uongo. Alikaa kwenye ngazi akavua kofia. Kisha akanipeleka kwa mama yake Leonidas. Anaitwa Edith lakini mjini wote wanamwita Mama Leonidas, hata sasa.

Alipiga simu Mbeya tukiwa palepale. Walikuwa wakarimu. Wakasema mafaili ya miaka ile yamepangwa kwa namba siyo kwa jina. Kwa jina itabidi wafungue sanduku kwa sanduku, na kufika Aprili hawatakuwa wamemaliza. Wakipata namba ya faili wataandika barua siku hiyohiyo.

Bibi, wewe unayo namba. Usiniambie umesahau. Nakumbuka wodini, Nesi Victoria akikushika mkono kukufundisha kuandika, na kitu cha kwanza ulichojifunza ilikuwa namba yangu. Kila asubuhi uliiandika kwenye boksi la sindano, ukanionyesha. Mimi nilikuwa mdogo sikuishika. Wewe uliishika.

Niandikie tu hiyo namba. Hata barua isiwe na kitu kingine.

Kalista wako


Sumbawanga,
30 Machi 2025

Bibi,

Shikamoo. Wiki tatu sasa. Benjamini anaapa alikupa barua mkononi, ukaifunga kwenye pindo la kanga ukaingia ndani.

Nimekasirika na nakuambia wazi. Jana tulikimbia mita 1500 za shule zote za mjini, nimekuwa wa kwanza. Nilipomaliza Mama Leonidas alinishika mabega akaniuliza, "Bibi amejibu?" Shangazi ameanza kufunga vyombo. Sufuria kubwa iko kwenye boksi tayari.

Kama hutaki nisome sema hutaki. Kuninyamazia hivi siyo kawaida yako.

Kalista


Mwimbi,
6 Aprili 2025

Kalista,

Marahaba. Sisi wazima. Kwa mbio ulizoshinda nakupongeza, Babu yako alicheza kidogo akakumbuka goti.

Sasa nisikilize. Pale wodini hawakuita majina, waliita namba. Namba ikiitwa, mama anamnyanyua mtoto, anampeleka kwenye dripu. Wewe ulikuwa kitanda cha dirishani. Kitanda kilichofuata alikuwa mtoto wa kutoka Mpui, anaitwa Polikarp, anapenda kuimba. Iliitwa namba yake asubuhi moja, akaenda anaimba, hakurudi. Kesho yake iliitwa ya kwako. Nikang'ang'ania kitanda. Nesi Victoria ndiye alikubeba.

Siku ile niliweka nadhiri. Nilisema Mungu ukinirudishia huyu, namba yake sitaitamka tena mdomoni mwangu wala kuiandika, ili ule uvimbe ukiwa unatafuta mlango usisikie unaitwa. Miaka minane sijaitaja. Na wewe miaka minane hujaumwa hata mafua ya maana. Utaniambia ni dawa. Sawa, ni dawa. Lakini mimi sitajaribu.

Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa hai. Hiyo hasira naipokea.

Bibi yako


Sumbawanga,
10 Aprili 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Sikujua habari za Polikarp. Nilikuwa nakumbuka tu kuna mtoto alikuwa anaimba. Unisamehe kwa ile barua ya hasira.

Lakini nimefanya jambo na nakuomba msamaha kabla hujalisikia. Barua yako nimemsomea Mama Leonidas. Alikwenda kukoroga chai iliyokwisha korogwa, halafu akaniuliza gari za Mwimbi zinaondoka saa ngapi.

Sijamtuma. Na namba sikuombi tena.

Kalista wako


Mwimbi,
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Wewe mtoto una balaa.

Alikuja jana. Nilikuwa shambani napiga matuta, nikaona mama wa mjini anashuka kwenye bodaboda na viatu vyake vya kisigino. Nikamjua kabla hajasema, nikaendelea kulima makusudi, nikampa mgongo. Nilikuwa nimejiandaa. Maneno yote niliyopanga kumjibu nilikuwa nayo.

Hakusema hata moja nililolitegemea. Alinipa shikamoo, akavua viatu, akachukua jembe la Babu yako, akaanza kukata majani na kufukia. Analima ovyo, Kalista! Matuta yake yamelala upande mmoja, jioni ileile niliyarudia yote. Tulipiga kama kumi hivi.

Halafu akasema, "Mama, wa kwangu alikuwa elfu nne mia tisa na sita."

Nikamwambia nyamaza, hayo hayatajwi. Akaniambia, "Niogope nini tena mimi? Nyumbani wote wanaogopa kumtaja mwanangu, wanasema nitajiumiza. Nikisema Leonidas, watu wanabadilisha mazungumzo. Basi naitaja namba yake jikoni peke yangu, maana hiyo hakuna anayeijua. Nimeitaja miaka sita, mama, na hakuna anayeitika. Wa kwako ukimwita anaitika. Anaitika mpaka kwa barua za kukutukana."

Mjukuu wangu, niliketi juu ya tuta langu mwenyewe nikalibomoa. Niliona aibu, aibu ya kweli. Mimi nina mtoto mzima anakimbia anashinda mji mzima, nafungia namba yake kama mwizi. Yeye aliyebaki na namba tu ndiye anazunguka vijiji kutafutia watoto wa wenzake nafasi. Tukalia pale wote wawili na matope mikononi. Babu yako alikuja na togwa, akatuona, akageuka nayo.

Nilichora kwa kidole kwenye udongo. Tarakimu zilitoka vizuri, Nesi Victoria angefurahi. Mama Leonidas akazisoma kwa sauti. Nikasubiri. Hakikutokea kitu. Jirani alikuwa anafukuza kunguru kwenye mahindi yake.

Ameondoka nayo, lakini na wewe nakuandikia, kwa mkono wangu, ili ujue nimekubali mwenyewe. Padre nimeshamweleza habari ya nadhiri, amecheka, amesema nisali rozari moja nilale.

Namba yako ni 3127.

Bibi yako na mke mwenzio,
Emerensiana


Sumbawanga,
11 Mei 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Tatu ni kwa sababu nina haraka ya furaha. Hamjambo?

Barua ya Mbeya ilifika kabla fomu hazijafungwa, ikiwa na mhuri. Faili lilipatikana siku moja. Wameandika kila kitu, dripu zote, na mwisho wameandika, "Amepona." Nimeisoma hiyo mpaka Shangazi akanipokonya.

Fomu yangu imekubaliwa. Imebaki Mbio za Kumbukumbu ya Leonidas, tarehe 31 Mei hapa uwanjani. Wanakimbia wasichana wa mkoa mzima, na mwombaji ambaye ni mkimbiaji lazima aingie watano wa mbele waone kweli ni mwanamichezo. Kuna wa Laela ambaye hajawahi kushindwa mwaka huu, miguu mirefu mpaka anatisha.

Nimewaambia wenzangu darasani kweli ya kovu langu. Nilidhani watanikimbia. Wameuliza tu kama dripu inauma, halafu wakadai niwarudishie huruma yao ya mkokoteni.

Njoo Bibi. Benjamini amekuwekea siti ya mbele, ya dirishani, na nyingine ya Babu na goti lake. Kuna kitu nataka ukione kwa macho, sikuandikii.

Kalista wako


Mwimbi,
8 Juni 2025

Mke mwenzangu Kalista,

Marahaba hata kama hujaniamkia bado. Tumefika salama. Baridi imeshika, tunaota moto na kusimulia. Ninajua unajua yaliyotokea, ulikuwepo, lakini hukuwa kwenye jukwaa nilipokuwa mimi, kwa hiyo soma.

Waliingia wasichana ishirini na wawili, vifuani moja, mbili, tatu, mpaka huko. Mara ukaingia wewe na elfu tatu mia moja ishirini na saba, kubwa, nyeusi, juu ya kitambaa cheupe. Kijana wa nyuma yangu akapiga kelele, "Hao elfu tatu wengine wako wapi?" Jukwaa zima likacheka. Mimi nilishika mkono wa Babu yako mpaka akasema aii. Ningekuwa na nguvu ningeruka uzio nikuvue.

Mkaanza. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa saba, nikasema basi, nimemponza mwenyewe. Wa pili, wa nne. Mwenye kipaza sauti akaanza kuisema. "Namba 3127 anasogea!" Nikaziba masikio. "3127 wa pili!" Nikazibua. Ulipompata yule wa Laela pale kwenye kona, yule mtu alikuwa anaimba namba yako kama amelewa, na uwanja mzima unaitikia, na mbele yao ni mimi, nimesimama juu ya benchi, kanga imedondoka, naitaja kuliko wote! Miaka minane niliyoibana mdomoni ilitoka siku moja. Sauti haijarudi mpaka leo.

Ukakata utepe. Nikamwangalia Mama Leonidas. Hakuwa analia. Alikuwa ameweka mikono kinywani anaita ile yake, 4906, ndani ya kelele zetu, na hakuna aliyembadilishia mazungumzo. Nikaiita na mimi. Babu yako naye akaita, ingawa alikosea tarakimu.

Na yule Sharon wa Kirando aliyepata ile nafasi nyingine ya ufadhili pamoja nawe, aliyerusha tufe ameketi na mguu wake mmoja, umpe salamu huko bweni. Mlale vitanda vya karibu. Akiumwa umkande, na wewe ukiumwa uniandikie siku hiyohiyo, usinifiche, maana najua kuficha kunakopeleka mtu.

Jambo la mwisho. Kile kitambaa cha namba ulichonipa getini, Babu yako alisema tukirudi tukifukie shambani, kiwe pamoja na wenzake. Nikamwambia athubutu. Kipo ukutani chini ya msalaba, nimekigongea misumari minne. Kila anayeingia anauliza hiyo ni namba ya nini. Namwambia akae, naitaja kwanza, ndipo namsimulia.

Bibi yako,
Emerensiana