Kibanda Ki Wazi, Simu Inasema Kimefungwa

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Wateja wamejipanga mpaka barabarani! Uongo, tupo mimi, nyundo na inzi. Nilipolazwa hospitali, uliandika mtandaoni kwamba kibanda changu cha viatu kimefungwa kabisa. Nimepona, nagonga soli za ndara zangu mwenyewe hadharani, na wajinga wenye viatu vilivyoachama wanasimama mbele yangu, macho kwenye simu.

"Mzee, hapa pamefungwa."

"Na mimi nani, mzimu?"

Wanaondoka! Mmoja kanipa nyota moja, eti hakunikuta. Alinikanyaga mguu!

Tangu nirudi sijashika kiatu cha mtu. Nywila ya ukurasa wa kibanda unayo wewe. Ulipovunja dirisha la mama yako, nilisema ni mimi. Basi nawe leo nifungulie.

Mjomba wako, hai