Ulinituma Mugoma ili Padri Aje

Baba mdogo, shikamoo.

Najua huitiki. Mwenyewe ulisema mtu akifa hasikii. Naandika hivyo hivyo, maana mdomo wangu unaujua, mbele za watu haufunguki.

Mgomba tuliompandia mwanangu Jeni umetoa mkungu. Unakumbuka siku ile? Odeta mke wangu alilia mtoto abatizwe kabla hajakata roho, mimi nikakataa. Nilikataa kwa maneno yako. Si ulikuwa unawacheka watu wa kanisani, "Huko mbinguni kuna shamba? Nani analima?" Tukamzika, ukachomeka chipukizi pale juu, ukaniambia: "Hajaenda kokote. Yuko kwenye udongo huu, na udongo ndio unatulisha. Hiyo inamtosha mtu kuishi."

Ikanitosha, Baba mdogo. Kweli. Nilikuwa naamka, natandaza majani pale kwenye shina, naona siku yangu ina kazi.

Halafu ukaumwa. Ukanituma mpaka Mugoma kwa baiskeli nikuletee dawa, ukasema ya duka la hapa haifai. Nimerudi jasho linanitoka, nakuta mshumaa juu ya kigoda na paji lako linang'aa mafuta. Mama mdogo ndiye kaniambia, padri ulimwita mwenyewe. Ukasema, "Fanyeni haraka, huyu asije akanikuta."

Huyu ni mimi.

Odeta aliniangalia tu, akaingia jikoni. Mpaka leo ananipa chakula, ananiangalia vile vile.

Siyo mafuta yanayoniuma. Ungeniambia tu unaogopa. Tungeogopa wawili. Wewe umepata wa kukupaka, mtoto wangu nilimnyima, na siku hiyo ulikuwepo, umeshika jembe.

Wamekujengea kaburi la saruji, na msalaba. Hapaoti kitu.

Jana nimemkuta Odeta kwenye mgomba. Kapiga ishara ya msalaba, halafu kainama, anatandaza majani kama ninavyofanya mimi. Nikachukua fungu langu la majani, nikaanzia upande wa pili.

Sijakusamehe. Ila lile la udongo sijaliacha, hata kama wewe umeliacha. Mkungu ukikomaa nitaukata mwenyewe, na siku hiyo nitamwambia Odeta kwa mdomo wangu: nilikataa, na sikuwa na uhakika. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, Baba mdogo. Dawa yako bado ipo. Sijaifungua.