Plagi Nyeupe, Plagi Nyeusi

Phù Cát, 2 Januari 1998

Mpwa wangu Diễm,

Hujambo huko Biên Hòa? Sisi wazima, ila goti langu na baridi havipatani. Eti huji nyumbani kula Mwaka Mpya wa Tết kwa sababu pikipiki inazimika mlimani? Umesahau unamwandikia nani, mwanangu? Mimi ndiye niliyewasha lori kwa gongo ya mchele, likapanda mlima Cù Mông likiimba! Chomoa plagi. Ikiwa nyeupe, mafuta hayafiki. Safisha jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha mafuta. Ikiwa nyeusi, mafuta yamezidi. Tazama choki, labda imekwama.

Mjomba wako,
Khoát

Biên Hòa, 9 Januari

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, pole na goti. Plagi ilikuwa nyeupe kama unga. Nikaiacha, sikugusa kitu. Leo ni nyeusi tii, inanuka petroli. Mwaka Mpya kuleni na sehemu yangu. Mwashieni Bibi udi.

Mpwa wako,
Diễm

Phù Cát, 16 Januari

Mpwa wangu,

Goti linakusalimu. Jana nyeupe, leo nyeusi, na hujagusa kitu? Nimefungua kabureta ya pikipiki iliyolala mtoni hadi kambare akazaa ndani ya tangi, hata hiyo haikusema uongo hivyo. Ugonjwa hauko kwenye pikipiki.

Mwaka jana asubuhi ya Tết wewe ndiwe uliyetangulia kuingia mlangoni, mumeo akiwa amekuacha juzijuzi. Bibi alipokufa, mama zako wadogo wakasema mguu wako ndio ulioleta mkosi. Bibi wa miaka tisini na kitu! Alingoja mguu wa nani ndipo afe?

Safari hii wamemwalika tajiri Tự atangulie, atuletee baraka. Nimemzuia. Mama zako wadogo wakang'aka:

"Atatangulia nani basi?"

"Diễm."

"Khoát, unakitafuta kifo?"

"Kikija nitakitengenezea kabureta!"

Mlango nitaufunga. Haingii mtu wala hatoki mpaka ubishe hodi. Panda hata basi.

Mjomba wako,
Khoát

Phù Cát, 28 Januari, siku ya Tết

Diễm wangu,

U mzima huko njiani? Jua limepinda. Tự alipiga hodi, nikabweka kama mbwa, akaenda zake. Mama zako wadogo wamenuna, lakini hakuna aliyegusa komeo. Mdogo kabisa amekuwekea paja la kuku. Kila injini inayopita barabarani naisikiliza: hiyo inamisi, inakohoakohoa, hiyo imeziba jeti, hiyo si yako.

Barua hii siwezi kuipeleka posta, maana hatutoki. Utaisomea hapa.

Mjomba wako