Mbeleko, Nina, na Leso Iliyo Mezani

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, na upepo umegeuka, unatuletea moshi wa jalala la Dandora mpaka sebuleni. Nimefunga madirisha yote.

Kesho kanisani ni siku ya akina mama. Desturi yetu ni kwamba mtoto akishakariri shairi, anamfunga mama yake leso mabegani, na kanisa zima linapiga vigelegele. Mwaka huu mkariri ni Nekesa, binti wa mume wangu. Mama yake mzazi alifariki Nekesa akiwa bado ananyonya. Mimi nilimkuta yuko darasa la pili, na mpaka leo ananiita Anti. Aliyemlea ni nyanya yake, Kukhu, aliyefika leo kutoka Butere na kuku wawili na sauti inayosikika mtaa wetu mzima wa Lucky Summer.

Leso imeshanunuliwa. Iko pale mezani ndani ya mfuko, na sijathubutu kuuliza ni ya nani.

Baada ya chakula cha mchana Nekesa akaniletea shairi. "Anti, haya maneno ni ya wapi? Hata ticha alikuna kichwa tu."

*Mbeleko ya mgongoni, joto lake nalijua,*
*Nina ulonipakata, kulala ukakataa.*

Nikamwambia nina ni mama, kwa Kiswahili cha zamani. Halafu mbeleko. Jamani, shetani alinijia! Nilitaka kusema ni blanketi lolote, shuka lolote, hata lile ninalomfunika nalo asubuhi za baridi. Lakini mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, na mimi sijawahi kumbeba huyu mtoto mgongoni hata siku moja. Nikamwambia ukweli.

"Basi huyo ni Kukhu," akasema, haraka hivyo.

Niliumia. Mbona nisiseme? Niliumia, na nikaona aibu kumwonea wivu mwanamke mzee aliyezika binti yake kisha akajifunga mjukuu mgongoni.

Nikajikaza. Kupakata, nikamwambia, ni kumweka mtoto mapajani na kumshikilia.

Nekesa akawa anauma ukucha.

"Kama ile siku ya zahanati? Nilipokuwa na homa, ukakataa kuniweka kwenye benchi?"

Nilikuwa nimesahau. Foleni ilikuwa ndefu, miguu ikafa ganzi, na alikuwa mzito kweli. Kumbe yeye hajasahau.

Nikajifanya naenda kutazama ugali wa jioni, na ugali hata sikuwa nimeusonga.

Akanifuata jikoni na ule mfuko. Akaikunjua leso, ndefu, vipande viwili bado vimeshikana kama inavyotoka dukani, kila kimoja kimeandikwa Asante Mama.

"Anti, leso huwa mbili. Niazime makasi."

Kukhu, kutoka sebuleni: "Mkate pole pole, msiniharibie yangu!"

Kumbe walishaongea. Kumbe ni mimi peke yangu niliyekuwa nikijitesa.

Sasa nashona pindo, na mshono unaenda kombo kwa sababu sioni vizuri. Hofu haijaisha, imehamia kwingine tu. Kesho Nekesa akinifunga leso mbele ya akina mama wote, nitaweza kweli kusimama bila kulia?