Farasi Wangu Kwenye Kioo

Jumamosi, 3 Juni
Nimemwona farasi wangu kwenye ukumbi wa bolingi. Wameleta mashine mpya ya pinboli, ule mchezo wa kurusha gololi chini ya kioo, imetengenezwa ionekane ya kizamani — taa za chungwa, kengele za kweli. Mchezo wenyewe ni wa vani za miaka ya sabini: gololi ikigonga shabaha tatu, vani yako inapata zulia la manyoya. Nikacheka. Halafu nikainua macho kwenye kioo cha juu, kile chenye picha.

Farasi wa buluu anakunywa nyota! Sikio la kushoto limepinda. Nililipinda mimi nilipomchora, maana kwenye ubavu wa vani ya Baba hapo pana kifuniko cha tangi la mafuta. Kwenye kioo hakuna kifuniko. Sikio limepinda bure.

Chini, herufi ndogo: Mchoro wa Eliseo Barragán.

Baba.

Jumapili, 4 Juni
Sijamuuliza. Nimekula mayai, nimeosha vyombo. Likizo mbili nzima nilikaa gerejini na brashi ya hewa, ile ya kupulizia rangi, pua imejaa buluu. Sijamuuliza.

Jumatano, 7 Juni
Mzee Wendell, mwenyekiti wa klabu ya vani, kaja kuazima jeki. Kanieleza yote bila kujua. Kwenye maonyesho kila vani huwekewa ubao: nani kashona viti, nani kapaka rangi. Tuzo kubwa ni ya vani ambayo mwenyewe kafanya kila kitu kwa mkono wake. Mwaka jana Baba akaandika "mwenyewe" kila mstari. Akashinda. Watu wa pinboli wakapita, wakasoma ubao, wakamwomba Baba mchoro wa farasi.

"Baba yako ana mkono, mtoto wewe. Mimi nikichora farasi anatoka mbuzi."

Nikacheka naye. Kwa nini nilicheka?

Ijumaa, 9 Juni
Nimeuliza. Kwa sauti ya panya, lakini nimeuliza. Baba alianza kwa Kiingereza: ni ubao tu, klabuni wote wanafanya hivyo, vani ni ya familia. Akahamia Kihispania, lugha yake ya kutaka kusamehewa.

"Wewe mwenyewe hupendi kutazamwa, mwanangu. Nilikukinga."

Hilo limeniuma kuliko kioo. Kachukua aibu yangu akaifanya kisingizio — na ni kweli, siku ile ya maonyesho nilijificha ndani ya vani, mapazia yamefungwa.

Mama anasema yaishe. Kajua tangu lini?

Jumamosi, 10 Juni
Saa tatu asubuhi. Saa nane wanazindua mashine rasmi pale bolingi. Wamempigia Baba sasa hivi: wanataka amchore farasi mbele ya watu, ubavuni mwa mashine. Hajawahi kushika brashi ya hewa! Kompresa, pampu ya brashi, gerejini inawaka, inazima, inawaka. Nimechungulia. Katoni nzima mabaka ya buluu.

Sasa yuko nje ya mlango wangu. Namsikia anavyopumua.

"Itzel. Nifundishe jicho tu. Mengine nitajikaza."

Kwa Kihispania. Hajasema samahani. Kasema jicho tu.

Nimevaa kiatu kimoja. Cha pili nimekishika. Sijui navaa niende gerejini, au niende zangu bolingi kabla yake, nikaseme farasi ni wangu.